Trekta la Ekari Nane Halipimwi kwa Plau

Mtu akitangaza kwamba anatafuta trekta la shamba lake la ekari nane, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: linavuta diski ngapi? Akijibu mbili, atahurumiwa. Ataambiwa ajikaze, aongeze mkopo, achukue la HP 75 lenye diski tatu, maana ardhi yetu ni ngumu, trekta dogo ni la kufyekea bustani, na kubwa litajilipa lenyewe kwa kuwalimia majirani. Maneno haya utayasikia kwa wauzaji wa matrekta, kwa mabwana shamba, kwa wastaafu waliopokea kiinua mgongo, na kwa vijana walio ughaibuni wanaotuma fedha ili baba yao aweke chini jembe la mkono. Yanasemwa kwa nia njema, na yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyadai ushahidi. Mimi nayapinga yote matatu. Na zaidi ya hapo nalipinga swali lenyewe, kwa kuwa mkulima mdogo anayechagua trekta kwa kuhesabu diski anachagua kwa kuangalia kazi ambayo trekta lake litaifanya siku chache mno katika mwaka.

Tupige hesabu, maana ubishi huu umeendeshwa miaka mingi bila kalamu. Ekari ni hatua 70 kwa 70, yaani kama mita za mraba 4,047. Plau la diski mbili linakata upana wa kama sentimita 60. Trekta likitembea kilomita nne na nusu kwa saa, na theluthi nzima ya muda tukiitoa kwa ajili ya kugeuza, kurekebisha plau na kuondoa majani yaliyonasa, ekari moja itachukua saa mbili na robo. Ekari nane ni saa 18. Trekta la diski tatu, likienda kasi kidogo zaidi, litazimaliza kwa saa 10 hivi. Tofauti ni saa nane kwa msimu. Kwenye kanda zenye vuli na masika, na ukilima shamba lote mara zote mbili, ni saa 16 kwa mwaka. Ili kuokoa saa hizo, mtu anashauriwa abebe deni la mamilioni ya ziada na alirejeshe mwaka baada ya mwaka, mvua ije isije.

Mwenye ekari nane za mahindi matupu, asiyefuga na asiye na miti ya kudumu, nitamwambia kitu ambacho muuzaji hatamwambia: asinunue trekta lolote, dogo wala kubwa. Akodi. Au kama yuko Usukumani au Mbulu, ambako maksai wapo na watu wanajua kuwafundisha, atumie maksai. Chombo kinachofanya kazi saa 18 kisha kikalala chini ya mwembe mpaka msimu ujao hakitalipa hata betri yake.

Anayestahili kununua ni yule ambaye shamba lake lina kazi mwaka mzima. Mchukue mkulima wa parachichi wa Njombe. Miti yake ya Hass imekaa kwenye mistari iliyoachana mita sita au saba. Huyu halimi tena, na ardhi ile imeshikwa na miti itakayokaa miongo. Anachohitaji ni kufyeka majani katikati ya mistari kila yanapopanda, kusambaza samadi, kupulizia dawa, kuvuta tangi la maji kwa miche michanga wakati wa kiangazi, na siku za kuvuna kutoa makreti shambani mpaka lilipo gari bila kuyarusharusha, kwa sababu parachichi lililogongwa linakataliwa mlangoni mwa mnunuzi. Muulize huyo anahitaji diski ngapi. Hata moja. Kwenye kahawa jambo ni hilo hilo. Mibuni iliyopandwa kwa nafasi ya mita 2.7 kwa 2.7, ikishatanua matawi, inaacha njia nyembamba. Trekta lenye upana unaokaribia mita mbili linapita likivunja matawi yaliyobeba matunda. Lenye upana wa mita moja na robo linapita na kurudi, na mwenye shamba hana cha kuokota chini.

Au mchukue mfugaji wa ng'ombe wanne wa maziwa mwenye majani ya kukata kila siku, samadi ya kutoa kila wiki, mahindi ya kupukuchua baada ya mavuno na maji ya kuchota bondeni. Karibu kila kazi yake inafanywa na PTO, ile shafti fupi iliyo nyuma ya trekta inayozungusha mashine, au na trela. Mashine yake ya kukatia majani inataka HP chache tu. Injini ya dizeli inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hunywa kama lita moja kwa saa kwa kila HP nne au tano. Kwenye kulima, trekta kubwa nalipa haki yake: linakunywa zaidi kwa saa lakini linamaliza mapema, hivyo dizeli ya ekari moja haitofautiani sana kati ya kubwa na dogo. Hasara inakuja kwenye kazi nyepesi. Injini ya HP 75 inapozungusha mashine ndogo ya majani, sehemu kubwa ya dizeli inaishia kuzungusha vyuma vyake yenyewe, na kazi hizo nyepesi ndizo zinazojaza kalenda ya shamba dogo. Mwisho wa mwaka ukiziweka risiti za mafuta mezani, utakuta za siku za plau ni chache tu kati ya zote.

Sasa ingia shambani utazame trekta linavyogeuka, kwa sababu hapo ndipo ukubwa unapoanza kuuma. Ekari ya mraba ina ubavu wa kama mita 64. Trekta la HP 75, plau likiwa limeinuliwa nyuma, linataka kama mita saba kila mwisho wa mstari ili ligeuke bila kwenda mbele na nyuma mara tatu. Mita saba huku na mita saba kule, kwa ubavu wa mita 64, ni karibu mita za mraba 900. Hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya ekari, inayokanyagwa na magurudumu yale yale kila dereva anapogeuza. Atamalizia kwa kuzilima ncha hizo kwa mkingamo, lakini chini udongo umeshashindiliwa. Nenda ukayaangalie mahindi ya sehemu hizo yakifika magotini. Yamepauka na kudumaa, na mwenye shamba analaumu mbegu. Trekta dogo linageuka ndani ya mita nne. Na kwa wengi wetu ekari nane hazijakaa pamoja: tatu ziko bondeni, mbili ni za urithi, tatu zilinunuliwa kwa jirani aliyehamia mjini. Kila kipande kina ncha zake, kingo zake, kingamaji yake na mfereji wa jirani ambao tairi kubwa likiubomoa, kesi inakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kuna baya zaidi lisiloonekana kwa macho. Wakati wa kulima kwa diski, gurudumu moja la nyuma hutembea ndani ya mfereji uliokwisha kukatwa, kwa hiyo uzito wa trekta unakandamiza udongo wa chini moja kwa moja. Ukilima mwaka hadi mwaka kwa kina kile kile, chini ya kina hicho hujengeka tabaka gumu. Mvua ikinyesha, maji yanasimama juu yake au yanatiririka na kuondoka na udongo, na mizizi ya mahindi ikilifikia inapinda pembeni. Karatu na Babati wanalijua tatizo hili, na wako waliolazimika kulipia sabsoila ili kulipasua tabaka lililojengwa na plau walilolilipia pia. Trekta la HP 75 lina uzito wa tani mbili na nusu na zaidi kabla hujalifunga chochote nyuma. Dogo la HP 30 lina tani moja na ushee. Hili nalo litajenga tabaka likitumiwa ovyo kwenye udongo uliolowa, hilo sikatai. Lakini anayenunua tani ya ziada ya chuma ambayo shamba lake halikuiomba ajue kwamba mizizi ya mazao yake ndiyo itakayoibeba.

Hoja ya ardhi ngumu ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na inastahili kujibiwa kwa kirefu.

Kinachoamua uzito wa kuvuta plau ni vitu vitatu: upana unaokata, kina unachochimba, na udongo wenyewe. Ukipunguza diski moja, umepunguza upana, na kina unaweza kukiacha pale pale. Diski mbili zikichimba sentimita 20 zinafanya kazi ile ile ya diski tatu zikichimba sentimita 20, ila kwa mkupuo mwembamba zaidi. Udongo hauhesabu idadi ya diski. Na udongo ule ule unaokataa Septemba hukubali baada ya mvua mbili za kwanza, au hukubali ripa ya jino moja inayopasua mstari wa kupandia tu na kuacha sehemu nyingine ya shamba bila kuguswa. Anayelazimika kulima vumbi lililokauka kabisa mara nyingi ni yule aliyeahidi kuwalimia watu wengi mno, na huyo nitamfikia.

Halafu HP iliyoandikwa ubavuni mwa trekta ni ahadi ya injini. Anayevuta plau ni tairi lililoshika ardhi. Trekta lenye injini kubwa na magurudumu yanayozunguka pale pale linachimba mashimo, halilimi. Hili alilielewa Harry Ferguson wa Ireland karibu karne moja iliyopita. Alibuni mikono mitatu ya haidroliki nyuma ya trekta, ile inayotumika mpaka leo kwenye karibu kila trekta duniani, ili plau linapovutwa lielemee magurudumu ya nyuma na kuyafanya yashike. Trekta lake la TE20 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956. Yalitoka zaidi ya 500,000. Lilikuwa na HP chini ya 30 na uzito wa kama tani moja na kidogo, na lililima mashamba ya Uingereza iliyokuwa ikigawiwa chakula kwa kadi baada ya vita. Januari 1958 Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia akiwa na matrekta ya Ferguson ya aina hiyo, yaliyofungwa minyororo, yakivuta mizigo juu ya barafu. Wakulima wetu wanaoapa kwa Massey Ferguson wanaapa kwa jina ambalo nusu yake ilijengwa na trekta la ukubwa huu wanaouita wa bustani.

Na kama kuna nchi iliyofundishwa kwa gharama kubwa kwamba ukubwa wa mashine haushindi udongo, ni hii yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, kwa lengo la zaidi ya ekari milioni tatu, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Udongo wa Kongwa una mchanga unaokwangua chuma na mfinyanzi unaoshikana jua likiwaka. Majembe yakalika, mashine zikavunjika kwa kasi kuliko mafundi walivyoweza kuzitengeneza, na karanga zilizokuwa tayari zikagoma kung'oka ardhini. Ukame ulichangia, na haraka ya wanasiasa ilichangia. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umefutwa na pauni milioni 36 zimekwenda. Walikuwa na nguvu za kila aina. Walichokosa ni mtu wa kuusikiliza udongo kabla ya kuagiza chuma.

Sisemi kwamba kila trekta dogo linafaa, na hapa nawaonya walio upande wangu. Matrekta madogo yaliyotumika yanayoshuka bandarini kutoka Japani mengi yalitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga, udongo laini uliojaa maji, na kazi ya kuzungusha rota. Ni mepesi kwa makusudi. Ukilifunga plau la diski na kulipeleka kwenye mfinyanzi wa Mvomero, litainua pua au magurudumu yatazunguka bure, na mwenyewe atarudi kijijini akiwa shahidi wa upande wa pili. Trekta dogo la shamba kavu linatakiwa liwe na magurudumu manne yanayovuta yote, matairi ya nyuma yaliyojazwa maji mpaka robo tatu, na vyuma vya uzito mbele ili usukani ushike ardhi. Vyuma na maji hayo unaweza kuyaondoa siku ya kufyeka bustanini ili usikandamize udongo. Uzito wa kuongeza na kupunguza ni mali kwa mkulima mdogo. Uzito uliosubuliwa kiwandani hauondoki.

Tuje kwenye hoja ya kujilipa. Inavutia kwa sababu ina ukweli ndani yake: wapo watu wanaoishi vizuri kwa kulimia wengine. Lakini hiyo ni biashara kamili, na haifanani na shamba dogo. Mvua ikianza Dodoma, kila mtu anataka kulimiwa wiki ile ile. Trekta lililonunuliwa kwa ajili ya shamba lako litakuwa kwa mteja, kwa sababu marejesho ya benki hayasubiri, na ekari zako nane zitapandwa mwisho. Shamba la mteja lina visiki asivyokuambia. Diski ikipasuka, hasara ni yako. Dereva analipwa kwa ekari, kwa hiyo atakimbiza trekta na kuinua plau likune juu juu. Mteja wa pili anakaa kilomita sita kutoka kwa wa kwanza, ana ekari moja, na saa unayotumia njiani hakuna anayeilipa. Wa tatu anaomba akulipe baada ya mavuno. Mwenye moyo wa kuifanya kazi hiyo, mwenye dereva anayemwamini, fundi, gari la kubebea mafuta, na orodha ya ekari za watu zilizokubaliwa kabla ya mvua, anunue HP 75 na Mungu ambariki. Lakini aliyekuja kuomba ushauri wa ekari zake nane hakuomba hayo. Kumpa trekta kubwa kwa matumaini ya wateja ni kumbadilishia kazi bila kumwambia.

Wapo pia wanaokwepa deni kwa kukimbilia upande wa pili kabisa, kwenye pawatila, ile mashine ya magurudumu mawili inayoongozwa na mtu anayetembea nyuma yake. Mwaka 2009, serikali ilipotangaza mpango wa Kilimo Kwanza, pawatila zilisambazwa kupitia halmashauri kana kwamba nchi nzima ni jaruba moja. Kwenye mpunga zinafanya kazi nzuri, na nimewaona vijana wa Mbarali wakizivurugia matope kwa ustadi mkubwa. Kwenye shamba kavu ni habari nyingine. Rota ya sentimita 60 inamtaka mtu atembee karibu kilomita saba kwa kila ekari, akishikilia mashine inayoruka kila inapogusa donge gumu. Ekari nane ni zaidi ya kilomita 50 kwa miguu, mikono ikitetemeka. Nyingi ziliishia kuvuta vitrela vya mchanga, matofali na maji. Hizo ni kazi halali, lakini si zile zilizonunuliwa kuzifanya. Pawatila si hatua ya kwanza kuelekea trekta. Ni chombo cha mpunga, na mwenye mpunga asishawishiwe kuiacha.

Kigezo ambacho mimi nakiweka juu ya HP, juu ya diski na hata juu ya bei ni spea. Kibaha peke yake inatosha kuwa somo. Miaka ya 1980 matrekta ya Valmet ya Ufini yaliunganishwa pale. Mwishoni mwa muongo wa 2010 yakaunganishwa ya URSUS ya Poland, na mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangazwa kufilisika kwao. Mkulima hawezi kujua kiwanda kipi kitafungwa. Anachoweza kujua ni kilichopo dukani leo. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi, andika namba ya toleo la trekta na uende nayo kwenye maduka ya spea ya mji ulio karibu nawe, si ya Dar es Salaam. Uliza diski ya klachi, chujio za dizeli na oili, sili za haidroliki, pampu ya maji. Wakikujibu kwamba vitaagizwa, uliza ni nani wa mwisho kuagiziwa, ukamtafute huyo mtu.

Uliza na matairi ya mbele. Kwenye trekta la magurudumu manne yanayovuta, gia za mbele na za nyuma zimepangwa kufuatana na ukubwa kamili wa matairi yake. Fundi asiyejua atakufungia tairi la mbele linaloingia tu kwenye rimu, na utaondoka umefurahi. Ukifika kwenye ardhi ngumu na kuunganisha magurudumu yote, mbele kunataka kwenda kwa mwendo mmoja na nyuma kwa mwingine, vyuma vinavutana ndani kwa ndani, na giaboksi ndiyo inayolipa. Matrekta mengi mazuri yamekufa hivyo, kisha yakasemwa vibaya kwamba madogo hayadumu.

Kwa anayenunua lililotumika, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, amelipasha ili usione linavyohangaika kuwaka likiwa baridi, na una haki ya kurudi siku nyingine. Vuta kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Angalia mita ya saa, kisha angalia pedali ya klachi. Mita inayosema saa chache na pedali iliyolika mpaka kung'aa haziwezi kusema kweli zote mbili. Funga plau au mzigo wowote mzito kwenye mikono ya nyuma, uuinue, zima injini, kaa unywe chai. Ukirudi ukakuta mzigo umeshuka chini, haidroliki inavuja ndani. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, hesabu bei ya bearingi na bushi na uitoe kwenye bei unayotajiwa. Litie gia zote, za mbele na za nyuma, polepole na kwa kasi, na usikubali kuambiwa kwamba moja huwa haitumiki.

Nimeacha la mwisho ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia bila kuulizwa. PTO huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Ncha ya kanga, mkono wa shati, kamba ya koti la mvua, chochote kikishikwa na shafti isiyo na kifuniko, mtu anavutwa kabla hajapiga kelele. Kifuniko cha shafti ni plastiki ya bei ndogo, na ndicho kitu cha kwanza kuvunjika na cha mwisho kurudishiwa. Vilevile trekta dogo ni jembamba, na kwenye miteremko ya Rungwe, Lushoto na Njombe linaweza kupinduka. Chuma kile kinachosimama nyuma ya kiti cha dereva kiko pale ili trekta likipinduka lisimlalie, na mkanda uko pale ili dereva abaki ndani ya kinga ya chuma hicho. Wengi hukikata ili trekta lipite chini ya matawi ya parachichi au liingie bandani. Kwenye matrekta mengi ya siku hizi kinakunjika kwa pini mbili, kwa hiyo kukikata hakuna sababu. Ukikuta kimekatwa au shafti haina kifuniko, mwambie muuzaji avirudishe vyote viwili kwanza, ndipo mkae mzungumze bei.